Jiko la mkaa chumbani au sweta na blanketi?

Juni hadi Agosti, baridi ya Uyole na Makete haina utani. Huko Kitulo hata sakitu huanguka. Wengi tunaingiza jiko la mkaa chumbani, na sikatai, joto linakuja haraka. Shida ni hewa. Moshi huchokoza mapafu ya mtoto na kumsogeza karibu na nimonia. Mkaa ukishakolea moshi unaisha, lakini kaboni monoksidi inaendelea kutoka: haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa wamelala, hasa pale dirisha lilipozibwa kwa gunia.

Sweta, soksi na blanketi havipashi chumba moto, na wa miaka miwili soksi atazivua tu. Ila havimnyimi hewa. Mitumba ya Mwanjelwa ina masweta mazito, bei ya kuelewana. Mimi nachukua hayo. Jiko libaki nje.

Vyote havizuii vijidudu. Hiyo ni kazi ya chanjo ya nimonia, wiki ya 6, 10 na 14. Na mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akihema mara 40 au zaidi kwa dakika, au kifua kikibonyea, kituo cha afya usiku huohuo.