Tahadhari: kompyuta za "Core i7" kutoka Kisumu zenye Pentium ndani

Ndugu zangu wenye saiba, shule na maduka ya kuchapisha, kuanzia Kisumu, Vihiga, Kakamega hadi Busia, someni hili kabla hamjamtumia pesa mtu anayewaahidi mashine ya mezani ya mtumba "kwa gari la jioni". Nimepoteza shilingi 25,500, na ujanja uliotumika unaweza kumpita hata anayejua kompyuta.

Nina saiba ndogo Lurambi, mjini Kakamega. Mwezi wetu mkubwa ni Juni, kwa sababu mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi za KRA ni tarehe 30, na wiki ile ya mwisho watu hupanga foleni hadi nje. Nilitaka mashine moja yenye nguvu ya kunivusha. Nikaona tangazo: Core i7 (prosesa, yaani chipu inayoendesha kompyuta, yenye nguvu kuliko Pentium), RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 8, SSD (diski ya kasi) GB 256, imetoka Uingereza, shilingi 24,000. Picha ilionyesha mashine nyeusi yenye mkwaruzo mrefu karibu na kitufe cha kuwasha. Muuzaji alisema ana duka Kisumu mjini, lakini kila nilipotaka anielekeze, alikuwa "ametoka kidogo kupeleka oda". Hapo ndipo ningestuka.

Tulikubaliana nilipe nusu, nyingine baada ya kuiona mashine. Ikafika kwa matatu. Haikuwa na mkwaruzo wowote, nikafurahi kwamba nimeletewa iliyo nzuri zaidi. Nikaiwasha, ikawaka haraka. Nikafungua ukurasa wa Windows unaoonyesha sifa za mashine: Intel Core i7-3770, 3.40 GHz. Stika ya i7 nayo iko mbele. Nikatuma salio.

Baadaye ndipo nilipoona RAM inasoma 4, si 8. Nikampigia. "Madam, hiyo ni RAM imelegea barabarani, ikaze tu." Nikaikaza, wapi. Akasema basi hiyo moja imekufa, ataniletea nyingine kwa 1,500. Nikalipa. Nayo haikusoma. Tangu siku hiyo simu yangu haipokelewi.

Huku saiba mambo yalikuwa magumu. Ukifungua kurasa nne za intaneti na hati moja ya kuchapisha, kipanya kinaganda. Mzee mmoja mstaafu aliketi pale karibu saa nzima kwa ritani ya dakika kumi, na hakulalamika hata kidogo. Hilo liliniuma kuliko pesa.

Binamu yangu ni fundi kule Mbale, Vihiga. Alipokuja hakuangalia jina lililoandikwa kwenye skrini. Alibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, akaingia sehemu ya "Performance", akasoma chini: "Cores" 2, "Logical processors" 2. Akaniambia, dada, hii si i7. Kila Core i7 ya mezani tangu zitoke mwaka 2008 ina viini (hizo "Cores", sehemu za prosesa zinazofanya kazi) visivyopungua vinne, na Windows huiona kama yenye vichakato (hizo "Logical processors") visivyopungua vinane. Hiyo 3770 hasa ina viini vinne na vichakato vinane. Mbili kwa mbili ni kitu kingine kabisa.

Akazima, akachomoa umeme, akafungua feni na kufuta ile pesti inayopitisha joto. Kwenye kifuniko cha chuma cha prosesa kulikuwa kumechongwa: Pentium G2020, 2.90GHZ.

Nilimuuliza ilikuwaje basi Windows iseme i7. Akanieleza kwamba jina halisi la prosesa limo ndani ya prosesa yenyewe. Kila mashine inapowaka, Windows huisoma na kuliandika jina hilo kwenye rejista yake, yaani daftari lake la taarifa na mipangilio, na ule ukurasa wa sifa huonyesha kilicho kwenye rejista. Yule muuzaji alikuwa ameficha faili dogo linalojiendesha kila mashine inapowaka, likifuta "Pentium G2020" na kuandika "Core i7-3770". Binamu alilifuta faili, akawasha upya, na Pentium ikajitaja yenyewe. Ila idadi ya viini faili lile halikuigusa. Ndiyo iliyomfichua.

Na mbona mashine inawaka vizuri? Kwa sababu prosesa zote mbili hukaa kwenye soketi moja, LGA 1155, yenye pini 1,155 zinazogusana na sehemu ya chini ya prosesa. Ukitoa i7 na kuweka Pentium, ubao mama, ile bodi kuu ya mashine, unaipokea bila neno. Mtu anaweza kununua mashine za i7 za kweli, akazing'oa prosesa akaziuze peke yake, halafu akatuuzia sisi maganda. Tofauti unaiona kazini. Prosesa haifanyi lingine ila kuchukua amri kutoka kwenye kumbukumbu, kuitambua, kuitekeleza, na kurudia, ikifuata mapigo ya saa yake. GHz 2.9 ni mapigo bilioni 2.9 kwa sekunde, ambayo si haba. Lakini viini viwili vinagawana kazi ambayo ingegawanywa kwa vinne, na kashe, ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa, ni MB 3 badala ya 8. Kashe ikiwa ndogo, prosesa inalazimika kwenda RAM mara nyingi zaidi na kungoja.

Kuwaka haraka nako kulinipumbaza. SSD ilikuwa ya kweli, na kwenye mashine hii SSD, USB na mtandao hupitia chipseti, chipu ya ubao mama inayounganisha vifaa, kabla ya kufika kwa prosesa. Diski yenye kasi hufanya hata prosesa dhaifu ionekane changamfu dakika mbili za kwanza, yaani zile dakika ambazo mnunuzi anaangalia.

RAM ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kwenye mashine za kale, zile za Core 2 Duo, kidhibiti cha RAM kilikuwa kwenye chipu nyingine ya ubao mama. Tangu zilipokuja Core i, Intel imekiweka ndani ya prosesa, na nyaya za RAM zinapita moja kwa moja kwenye pini za soketi. Binamu alipomulika soketi kwa tochi ya simu, pini mbili zilikuwa zimepinda, bila shaka katika kule kubadilisha prosesa kwa haraka. Nafasi mbili kati ya nne za RAM zilikuwa zimekufa kwa sababu hiyo. RAM ya kwanza ilikuwa nzima, ya pili nzima. Ile 1,500 nilitozwa kwa kosa la mkono wa muuzaji mwenyewe.

Kwa hiyo usilipe ukiwa mbali. Kaa mbele ya mashine, hesabu viini, kisha iwashe upya na uingie BIOS, programu ya ubao mama inayowaka kabla ya Windows, ambako faili la Windows halifiki. Beba CPU-Z, programu ya kukagua prosesa, kwenye flashi. Hiyo huuliza prosesa yenyewe, haisomi rejista. Omba RAM ijaribiwe katika kila nafasi. Muuzaji mkweli hatakasirika. Kwa laptopu kuweni waangalifu msije mkamwonea mtu: zipo Core i7 halali za laptopu zenye viini viwili, kwa hiyo huko jina kamili la modeli ndilo la kutafuta. Halafu, hata ingekuwa i7-3770 ya kweli, ni ya mwaka 2012. Orodha rasmi ya prosesa za Intel zinazokubali Windows 11 kwa sehemu kubwa inaanzia kizazi cha nane, kipya zaidi kuliko hiyo, na msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. 24,000 zilikuwa nyingi mno.

Nimeandikisha OB (taarifa katika kitabu cha matukio cha polisi), na ujumbe wote wa M-Pesa ninao pamoja na picha za prosesa na soketi. Jina analotumia siliandiki hapa kwa kuwa suala liko kwa polisi. Uliyeuziwa hivyo, usitupe chochote na usiuze mashine. Piga picha, uandikishe OB yako. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili.

Jana usiku tangazo limerudi kwa namba mpya. Picha ni ile ile, mkwaruzo ule ule karibu na kitufe. Safari hii anasema yuko Nakuru, na bei ni 21,000.