Ngezi asubuhi, Vumawimbi mchana: siku ya familia kaskazini mwa Pemba

Anayekuja Pemba na watoto akiulizia maporomoko ya maji atapata jibu moja tu: hayapo. Vilima vya Pemba ni vingi lakini ni vifupi, na vijito vyake hutiririka polepole mpaka kwenye mikoko bila kuanguka popote. Unguja ndiyo kabisa, kwa sababu sehemu kubwa ya mashariki na kusini ni jiwe la matumbawe lenye matundu. Mvua ikinyesha, maji huzama chini na kuishia mapangoni. Familia inayotaka mwendo wa msituni na kuoga baharini kwa siku moja ina mahali pake, nako ni rasi ya Kigomasha: Msitu wa Ngezi, kisha ufuo wa Vumawimbi, na mnara wa taa kwa walio na nguvu iliyobaki. Kwa likizo ya skuli, Pemba haina siku nzuri kuliko hii, ila lazima ipangwe kwa kufuata maji ya bahari. Wengi hupanga kwa kufuata saa ya chakula, na hapo ndipo siku inapoharibika.

Safari yenyewe kwanza. Anayetoka Unguja asijidanganye kuwa atakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Alale Chake au Wete, aanze saa 1 asubuhi. Kutoka Chake, gari ya abiria nambari 35 inakwenda mpaka Konde, na Konde ndio mwisho wake. Mlango wa msitu uko mbele zaidi, kilomita zipatazo 5, na Vumawimbi iko mbali zaidi ya hapo. Mtu mmoja anaweza kupanda bodaboda kutoka Konde, lakini kwa mama, baba, watoto watatu na kikapu cha chakula, kodini gari ya siku nzima. Mnapopatana bei, semeni mambo manne waziwazi: mafuta ni ya nani, dereva atasubiri mpaka saa ngapi, gari itaingia mpaka ufuoni au itawaacha njiani, na kama Kidike, kijiji cha popo upande wa Chake, imo kwenye bei au haimo. La tatu ndilo linaloleta ugomvi. Njia ya kushukia Vumawimbi ina mchanga, na gari iliyo chini hukwama. Dereva akiliona hilo akiwa amekwisha kufika atakataa kuingia, nanyi mtabeba beseni na mikeka juani.

Konde ndipo pa kununua vitu. Ufuoni hamna duka la kutegemea. Hesabu ya maji ni lita 2 kwa mtu mzima na lita 1 na nusu kwa mtoto, pamoja na dumu moja la lita 5 la kuoshea chumvi na mchanga kabla ya kupanda gari. Chukueni mkate, ndizi na machungwa. Wali wa nazi uacheni nyumbani, kwani katika joto la gari nazi huchacha kabla ya adhuhuri na watoto wataumwa matumbo. Mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga huvumilia vizuri zaidi.

Ingieni Ngezi kabla ya saa 3. Asubuhi ndege wanalia, tumbili wako chini, na joto la unyevunyevu halijapanda. Ada hulipwa mlangoni. Chukueni risiti, na ombeni mwongozaji hata kama mnadhani mnaijua njia. Msitu huu unavutia kwa vitu vidogo, na asiyeonyeshwa hutoka akisema ameona miti tu. Njia fupi, iitwayo Njia ya Joshi, huchukua kama saa moja kwa mwendo wa mtoto. Mtoto wa miaka 6 anaimaliza kwa miguu yake. Wa miaka 3 atabebwa kuanzia nusu ya njia, kwa hiyo leteni kanga ya kumbebea. Kigari cha mtoto hakifai, mizizi haikiachii.

Mwambieni mwongozaji awaonyeshe mpapindi. Ni jamii ya mnazi, mwembamba, shina lake lina pete, na porini unapatikana Pemba peke yake. Halafu kuna mivule, mirefu kiasi kwamba watoto huinua shingo mpaka kofia zikaanguka. Misitu ya namna hii ilienea eneo kubwa la kisiwa kabla ya kukatwa kupisha mikarafuu na mashamba, na barabarani mkitoka Chake mnaiona hiyo mikarafuu pande zote mbili. Ikiwa ni wakati wa mavuno, karafuu huanikwa kwenye majamvi kando ya njia. Msiruhusu gari wala mtoto kukanyaga jamvi, hiyo ni riziki ya mtu.

Ndege wanne wanapatikana Pemba tu: bundi mdogo wa Pemba, njiwa wa kijani, chozi wa Pemba, na yule mdogo wa manjano mwenye duara jeupe jichoni. Mchana bundi hamtamwona ila kwa bahati. Kumfuata kunataka safari ya usiku, na hiyo si ya watoto wadogo. Popo wa Pemba ni habari nyingine. Mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita 1.6, na uso wake ni kama wa mbweha. Miaka ya nyuma alikuwa karibu kwisha kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa misitu, kisha wanavijiji wenyewe wakaanza kumlinda, na sasa idadi yake ni maelfu mengi. Ngezi wamo, ila Kidike, upande wa Chake, ndiko wanakoning'inia kwa wingi karibu na watu. Mkiwa na muda, piteni Kidike jioni mkirudi. Jua likizama wanaruka wote kwenda kula matunda, na mtoto aliyekuwa amesinzia ataamka.

Sasa jambo ambalo wazazi wanapaswa kulizingatia kuliko yote. Msituni mtapita vijito, maji yametulia, watoto wamechoka na wana joto. Msiwaache waingie. Pemba ina kichocho, na vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya kwenye ngozi iliyolowa, hata kwa dakika chache tu. Maji kuwa safi machoni si dalili ya usalama. Aliyekwisha kuingia ajikaushe mara moja kwa kusugua kitaulo kwa nguvu, na baada ya wiki kadhaa apelekwe kupimwa mkojo, hata kama hajaona damu. Dawa ipo na inaponya, lakini mtoto asiyepimwa hukaa nayo kimya mpaka kibofu kinaharibika. Kuoga kungoje bahari, kwa kuwa kichocho hakiishi kwenye maji ya chumvi.

Viatu viwe raba zilizofungwa. Kandambili huteleza kwenye majani mabichi, na siafu wakivuka njia hupanda mguu ulio wazi. Suruali ndefu ichomekwe ndani ya soksi. Mkiona mstari mweusi wa siafu, rukeni haraka, msisimame kuwatazama. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, njia ni tope tupu na mbu ni wengi. Siku hizo hatushauri kuja na watoto.

Mkitoka msituni ni kama saa 4 na nusu, na hapa ndipo mwezi unapoamua. Angalieni tarehe ya Kiislamu kabla ya kuchagua siku. Tarehe 1 mpaka 3, na 14 mpaka 17, za mwezi wa Kiislamu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa sana. Pwani zetu wakati huo maji hupwa kiasi cha saa 4 au 5 asubuhi na kujaa kiasi cha saa 10 au 11 jioni, na tofauti ya kina hukaribia mita 4. Mkifika Vumawimbi saa 5 siku ya bamvua mtakuta maji yamerudi nyuma na mchanga mpana mgumu. Hapo watoto watakimbia, watachimba, watatafuta kaa, lakini kuoga kwa kweli ni kuanzia saa 8. Tarehe 7 mpaka 9, na 21 mpaka 23, ni maji mafu: hujaa saa 4 asubuhi au baadaye kidogo, hayaendi mbali, na mkondo wake ni dhaifu. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwenye watoto wasiojua kuogelea achague maji mafu bila kufikiri mara mbili. Mwenye vijana wanaotaka kutembea ufuo wote mpaka miguu iume achague bamvua.

Ufuo wenyewe hauna mpinzani Pemba. Mchanga ni mweupe na laini, nafasi ni tele, na siku nyingi hamtakuta kundi jingine isipokuwa wavuvi. Kasoro zake zinatokana na huo utupu: kivuli ni haba, choo msikitegemee, na hakuna mtu wa kuokoa anayezama. Chukueni turubai, kamba na fito mbili, mjitengenezee kibanda. Mtu mzima mmoja awe na kazi ya kuwaangalia watoto majini, bila simu mkononi, na mbadilishane kila nusu saa. Jina la mahali si pambo. Upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, hupiga ufuo huu moja kwa moja, na wimbi huvuma kweli. Mkikuta povu mpaka karibu na mchanga mkavu, msilazimishe. Vukeni rasi mwende upande wa Verani, magharibi. Kwa kaskazi kule kumetulia, na jua huzama baharini mbele yenu. Anayechukuliwa na mkondo asishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea nchi kavu. Aogelee sambamba na ufuo mpaka mkondo umwachie, ndipo arudi. Wafundisheni watoto hilo wakiwa bado mchangani.

Mnara wa taa wa Kigomasha, kwenye ncha ya rasi, ni wa chuma na ulijengwa mwaka 1900. Kupanda ni kwa ruhusa ya mwangalizi aliyepo. Ngazi ni nyembamba, basi watoto wadogo wabaki chini na mtu mzima. Juu mnaona bahari pande tatu na kijani cha Ngezi nyuma yenu. Kwa siku ya bamvua sitaupa mnara muda, kwa sababu saa za kuupanda ndizo saa nzuri za kuoga. Siku ya maji mafu, maji yakishaanza kupwa mchana, mnara unafaa sana.

Njiani mnapita vijiji vya watu wenye heshima zao. Nguo za kuogea ziishie ufuoni. Kanga mbili kwa kila mwanamke, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda, zinamaliza suala lote. Ramadhani msile hadharani, hata watoto wale ndani ya gari. Taka zote rudini nazo mpaka mjini, hasa chupa za plastiki. Simbi na makombe yaacheni mchangani. Lile lenye umbo la pia na madoadoa, likiwa hai, lina mwiba wenye sumu inayoweza kuua, na mtoto hawezi kulitofautisha na jingine. Mtu akiumia vibaya, hospitali ya kukimbilia ni ya Wete, kwa hiyo dereva asiende kulala mbali na gari.

Kwa familia yenye watoto wa miaka 6 na kuendelea, siku hii tunaipa alama 9 kwa 10, na alama moja tumeipunguza kwa sababu ya kivuli na choo. Yenye mtoto anayetambaa tunaipa 5. Hao waende Verani peke yake, maji mafu, waondoke kabla ya saa 5, na msitu waungojee miaka michache.