Tahadhari: msinunue kitini cha mantiki kinachotembezwa Wandegeya

Ndugu zangu wa mwaka wa kwanza hapa Kampala, hasa mliotoka Kenya, Tanzania na Kongo na mnatafuta maelezo ya falsafa kwa Kiswahili: kuna jamaa anauza kitini cha mantiki upande wa Wandegeya na kwenye makundi ya WhatsApp. Bei ni shilingi 30,000. Unatuma pesa kwanza kwa simu, kisha bodaboda anakuletea. Mdogo wangu alikinunua. Nimekisoma chote, na nawaomba sana msikiguse.

Mwanzoni kinadai Aristotle alifundishwa na Sokrates. Sokrates alikufa mwaka 399 kabla ya Kristo, na Aristotle akazaliwa 384. Mwalimu wake alikuwa Plato. Hilo tuliache. Kinachoniuma ni hoja zenyewe, maana ndizo mtakazoulizwa.

Mfano wa kwanza wa hoja halali wanauandika hivi: "Mvua kubwa ikinyesha, Bwaise hufurika. Bwaise imefurika. Kwa hiyo mvua kubwa imenyesha." Hoja hiyo ya Bwaise, mtaa wa hapa Kampala, si halali. Bomba kubwa la maji likipasuka, Bwaise itafurika jua likiwaka. Kauli tangulizi zote mbili, yaani zile zinazotangulia hitimisho, zinaweza kuwa kweli na hitimisho likawa uongo, na hicho hasa ndicho kipimo cha hoja isiyo halali. Ukisema "Bwaise haijafurika, basi mvua kubwa haijanyesha", hapo umesimama imara. Lakini hiyo ndiyo kitini kimeiweka kwenye orodha ya makosa! Mtu akikariri hivyo, atajibu kinyume kila swali la aina hiyo.

Halafu kuna hii: "Miji yote ya Uganda iko kando ya Ziwa Viktoria. Gulu ni mji wa Uganda. Kwa hiyo Gulu iko kando ya Ziwa Viktoria." Wanasema si halali kwa sababu Gulu iko kaskazini. Hapana jamani. Hoja hii ni halali kabisa: ungezikubali kauli mbili za mwanzo, usingekuwa na pa kukwepea. Ubovu wake ni kauli ya kwanza, ambayo ni uongo. Uhalali ni wa umbo la hoja, ukweli ni wa kauli. Asiyetenganisha haya mawili hajaanza mantiki bado.

Sasa tazameni na tangazo lake: "Wote waliofaulu mwaka jana walisoma kitini hiki." Hata kama ni kweli, halisemi kwamba aliyekisoma atafaulu. Waliokisoma wakaanguka je? Ni kosa lile lile la Bwaise, na ndilo linalowatoa watu pesa.

Nilimpigia kumwonyesha makosa. Akanijibu kwamba wengi wamenunua na hajalalamika mtu, tena mimi si mhadhiri. Idadi ya wanunuzi haisahihishi ukurasa, wala cheo changu hakihusiki. Nikaomba arudishe pesa za mdogo wangu, akakata simu, na sasa hapokei.

Mkiletewa kitini chochote cha mantiki, kataeni kulipa kabla ya kukiona. Fungueni panapoelezwa tofauti ya uhalali na ukweli, msome hapo hapo. Na mliokwisha kukinunua hiki, pelekeni ile mifano ya Bwaise na Gulu kwa mwalimu wenu wa somo kabla ya mtihani.