Viatu vya kitambaa vya mbwa wa sleji: vyepesi, vya bei nafuu, na vinafanya kazi

Kiatu cha mbwa wa sleji, yaani mbwa anayevuta gari la kuteleza juu ya theluji, ni kifuko tu: nailoni imara iitwayo Cordura, iliyokunjwa na kushonwa pembeni, na juu yake ukanda wa velkro wenye lastiki. Hakina soli, hakina manyoya ndani, na bei yake ni dola chache. Lakini kwenye njia ya Iditarod, mashindano ya sleji za mbwa ya kilomita kama 1,600 kutoka Anchorage hadi Nome huko Alaska, ni vifaa vichache vinavyobadilishwa mara nyingi kama hiki. Kanuni za mashindano hayo zinamtaka mwendesha sleji awe na viatu 8 kwa kila mbwa, viwe vimevaliwa au vimo ndani ya sleji.

Anayetaka kununua aelewe kwanza kwamba kiatu hiki si cha kutia joto. Mishipa ya mguu wa mbwa imepangwa hivi kwamba damu inayoshuka huipasha ile inayorudi juu, ndiyo maana anaweza kusimama kwenye barafu bila nyayo kuganda. Kinachomuumiza ni theluji yenyewe. Baridi ikizidi nyuzi 30 chini ya sifuri, chembe zake huwa kali kama mchanga na huchubua nyayo. Hali ikikaribia sifuri, theluji mpya hunata kwenye nywele za katikati ya vidole, ikajikusanya kuwa mabonge magumu yanayopasua ngozi. Kwa hiyo vile viatu vizito vyenye soli ya mpira, vya kutembezea mbwa mjini, viache dukani. Vidole havitanuki ndani yake, na mbwa akikimbia viatu hivyo huzunguka mguuni.

Unene wa nyuzi za kitambaa hupimwa kwa denia: namba ikiwa kubwa, nyuzi ni nene. Cha 330 ni laini na chepesi, kizuri kwa mbio fupi, ila hutoboka upesi. Cha 1000 hudumu kwenye njia yenye changarawe au barafu yenye kingo, lakini ni kigumu na huweza kumkwaruza mbwa mwenye ngozi laini. Cha 500 ndicho cha kununua kwa wingi. Kabla ya kulipa, ingiza kidole ndani upapase mshono: ukikukwaruza wewe, mbwa naye utamkwaruza.

Kupima saizi, msimamishe mbwa juu ya karatasi, uinue mguu wa pili ili uzito wote ukae kwenye ule unaoupima, kisha uchore pembeni na upime upana. Pima wa mbele na wa nyuma, kwa sababu wa mbele kwa kawaida ni mpana zaidi. Kikibana, kucha hukunjwa. Kikipwaya, hujaa theluji au huchomoka njiani.

Makosa mengi hutokea wakati wa kuvalisha. Kung'uta theluji na barafu katikati ya vidole, ingiza mguu hadi vidole vifike mwisho, kisha uzungushie ukanda mahali pembamba juu ya unyayo, mbali na ile kucha ya pembeni iliyo juu ya zile nyingine. Ulaze tu ukanda, usiuvute. Lastiki iliyovutwa huendelea kubana kwa saa nzima, na mguu ukivimba mbwa anaanza kuchechemea. Velkro iliyoingiwa na barafu haishiki, kwa hiyo weka viatu vya akiba kwenye mfuko mkavu.

Mbwa akipumzika, vivue vyote. Kitambaa chenye jasho huganda, ukanda huzuia damu, na wapo mbwa wanaovitafuna na kuvimeza, jambo linaloweza kuziba utumbo. Kila ukivua, kikague kwenye ncha. Tundu dogo tu huchota theluji ikajishindilia ndani, na hapo mguu ni afadhali ungekuwa mtupu. Kiatu cha namna hiyo kitupe, usikionee huruma.

Udhaifu wake mkubwa ni barafu tupu inayong'aa: nailoni huteleza na kucha zimefunikwa. Siku zenye joto pia, mbwa hupoteza joto kidogo kupitia nyayo, basi njia ikiwa laini mwache bila viatu.

Kikosi cha mbwa 14 kinatumia viatu 56 kwa kila mabadiliko, kwa hiyo nunua kwa mamia. Ukipata vyenye rangi tofauti kwa kila saizi, chukua hivyo: usiku, kwa mwanga wa taa ya kichwani na vidole vyako vikiwa vimekufa ganzi, hutakuwa na muda wa kusoma lebo.