Ndege ya nyaya yenye sura ya jeti: ununue malighafi gani ukiwa Mbeya au Iringa

Anayetaka kujenga ndege ya mfano ya nyaya huanza, karibu kila mara, kwa kuuliza ni mota gani inafaa. Swali hilo linaweza kusubiri. Ununuzi unaoamua kama ndege itakata kona zake barabara au itazama kila inapoinuliwa ni ule wa malighafi ya mabawa na kiwiliwili, na kwa sisi wa nyanda za juu kusini uamuzi huo ni mgumu zaidi kuliko ulivyo kwa mtu wa Tanga au Dar es Salaam. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo hewa huwa nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 kuliko ilivyo pwani. Bawa lile lile, likienda kwa mwendo ule ule, hubeba pungufu kwa kiwango hicho hicho. Iringa, ambayo iko chini kidogo ya Mbeya, haina nafuu kubwa. Kwa sababu hiyo machaguo yaliyomo humu nimeyapanga kwa kigezo kimoja kinachotangulia vingine vyote, nacho ni gramu.

Kwa ambaye hajaiona ndege ya aina hii, rubani husimama katikati ya uwanja akiwa ameshika mpini wenye nyaya mbili nyembamba za chuma, na ndege humzunguka. Ndani ya bawa kuna kipande cha pembetatu kinachogeuka kwenye mhimili; waya mmoja ukivutwa, kipande hicho husukuma fimbo inayoinua au kushusha usukani wa mkia, na katika ndege za sarakasi huendesha pia vipande vinavyochezacheza nyuma ya bawa. Jim Walker wa Portland, Oregon, ndiye aliyeueneza utaratibu huu nchini Marekani kuanzia miaka ya 1940, na katika mashindano ya shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, daraja la sarakasi linaitwa F2B na nyaya zake huwa na urefu wa kati ya mita 15 na mita 21.5.

Sura ya jeti ni sura tu. Pangaboi linabaki puani, na bawa la sarakasi haliwezi kuwa jembamba na la kurudi nyuma sana kama la ndege ya kivita, kwa kuwa kona kali huhitaji bawa nene lenye ukingo wa mbele wa mviringo, ambalo unene wake ni karibu sehemu moja ya tano ya upana wake. Ujeti wenyewe hupatikana kwenye kiwiliwili: kioo cha rubani kilichosogezwa mbele, midomo ya kuingizia hewa iliyochongwa ubavuni, mkia wa wima uliolala nyuma, na rangi. Haya yote ni mapambo yenye uzito, na mengi yanakaa nyuma. Kama mkia uko sentimita 60 nyuma ya kitovu cha uzito na mota iko sentimita 25 mbele yake, kila gramu 10 unazoongeza mkiani zinakudai gramu 24 za risasi, ile metali nzito, puani ili ndege isawazike. Mkia mrefu wa jeti uliojengwa kwa mbao nzito umeua ndege nyingi kabla hazijaruka, na moja ilikuwa yangu.

Tuchukue mfano wa bawa lenye urefu wa sentimita 140 na upana wa wastani wa sentimita 25. Pwani, ndege ya ukubwa huo yenye kilo 1.35 ingeruka vizuri. Hapa kwetu nakushauri usizidi kilo 1.15, na hesabu hiyo uibebe kichwani unapoingia dukani.

Nafasi ya kwanza naipa lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya maboksi ya friji na televisheni, ambalo wengi huliita stairofomu, likiimarishwa kwa vipande vyembamba vya mbao ya paini au mwanzi. Najua wajenzi wa zamani watanuna, kwa kuwa bawa la mbavu na karatasi ni zuri kulitazama likipigwa na jua, nami nalipenda. Hata hivyo, kwa mtu anayejenga bawa lake la kwanza, povu lina faida ambayo hakuna mbao inayoishinda: bawa hutoka limenyooka. Unakata umbo la bawa kwa waya wa moto, kwa mfano waya wa jiko bovu la umeme ulionyooshwa na kuunganishwa kwenye betri ya volti 12, ukifuata vielelezo viwili vya plaiwudi vilivyobanwa kila upande. Kazi hiyo ifanyike nje, kwa kuwa moshi wake una sumu.

Povu nalo hununuliwa kwa mzani. Kata mche wa sentimita 10 kila upande, yaani ujazo wa lita moja, kisha uupime kwa mzani mdogo wa dijitali wa aina ile wanayotumia wanunuzi wa dhahabu Chunya. Ukisoma gramu 15, bawa letu la mfano litatumia takriban gramu 160 za povu. Ukisoma gramu 30, litatumia gramu 320, na hapo umepoteza gramu 160 kabla hujabandika chochote. Bonyeza pia kwa kidole gumba. Povu zuri hurudi polepole, ilhali lile ambalo chembe zake zinapukutika kama ukoko wa mkate mkavu litakatika vibaya. Jihadhari na gundi: supaglu ya kawaida, petroli na rangi nyingi za kupuliza huliyeyusha povu mbele ya macho yako. Gundi nyeupe ya mbao, epoksi na rangi za maji hazina tatizo.

Nafasi ya pili ni balsa. Ukiniuliza malighafi bora kuliko zote duniani kwa kazi hii, nitakujibu balsa bila kusita. Naiweka ya pili kwa sababu ya mahali tulipo. Mti wake hulimwa zaidi nchini Ekuado, nasi hutufikia kwa kuagiza, ikiwa imelipiwa safari ndefu. Ugumu mkubwa zaidi ni kwamba balsa haifanani. Ubao wa urefu wa mita 1, upana wa sentimita 10 na unene wa milimita 3 unaweza kuwa na gramu 36 au gramu 60, na picha ya muuzaji haitakuonyesha tofauti hiyo. Ukiagiza, mwombe muuzaji kwa maandishi akutajie uzito wa kila ubao, na ulipe zaidi kwa walio tayari kuchagua. Mbao laini na nyepesi ziende mkiani na kwenye mapambo ya kiwiliwili, zile ngumu ziende kwenye mihimili ya bawa. Ndege ya Nobler, iliyobuniwa na Mmarekani George Aldrich, ambayo tangu miaka ya 1950 imekuwa kama kipimo cha ndege za sarakasi, ilijengwa kwa balsa kwa mtindo wa mbavu, na anayetaka kujifunza namna ya kupunguza uzito bila kudhoofisha bawa atafaidika sana kwa kuchunguza ramani yake.

Ya tatu ni paini yetu wenyewe. Hapa ndipo penye raha ya kuishi kusini: shamba la miti la Sao Hill wilayani Mufindi ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na ukishuka Mafinga unazungukwa na mbao pande zote. Tatizo ni uzito. Ubao wa vipimo vile vile nilivyotaja kwenye balsa, ukiwa wa paini kavu, hukaribia gramu 145. Ndege nzima ya paini haitaruka vizuri Mbeya, nami simshauri mtu ajaribu. Lakini kwa mihimili na kwa kitako cha mota, paini ni bora kwelikweli: kipande cha milimita 6 kwa 6 chenye urefu wa sentimita 130 kina gramu 22 au 23 tu, na hakikatiki ovyo.

Nilijifunza kuichagua kwa hasara. Mwaka mmoja, katikati ya masika, nilinunua mbao moja ya inchi mbili kwa nne kwenye ghala moja ambalo sina haja ya kulitaja, nikaambiwa ni kavu. Niliipeleka kwa seremala, ikapasuliwa vipande vyembamba vilivyonyooka kama mshale. Baada ya siku kumi vilikuwa vimepinda kama upinde, na bawa nililokuwa nimeshabandika likajisokota pamoja navyo. Tangu hapo hununua mbao miezi ya kiangazi, na hata hivyo hupima kipande, hukiweka ndani majuma mawili, kisha hukipima tena. Kikipungua uzito, bado ni kibichi. Tazama pia kichwa cha ubao: mistari ya ukuaji iliyosongamana huonyesha mti uliokua taratibu, ambao una nguvu zaidi. Kipande chenye fundo, hata likiwa dogo kama punje ya mtama, kiache.

Mwanzi niuweke pamoja na paini. Mianzi ya ulanzi ya Iringa na Njombe, ile ile iliyozoeleka kusukia matenga, ikiwa imekomaa na kukauka hutoa fito zinazofaa sana kwa ukingo wa mbele wa bawa la povu. Chonga upande wa ndani, uache ganda la nje, kwa sababu nguvu iko kwenye ganda.

Zile karatasi ngumu zenye povu katikati, ambazo wachora mabango huuza, nazipa nafasi ya nne. Zinafaa kwa ndege ya mazoezi ya kujengwa siku mbili na kuvunjwa siku ya tatu, lakini zikinyeshewa karatasi yake hubanduka. Plaiwudi ni ya mwisho; nunua kipande cha ukubwa wa daftari kwa ajili ya kushikilia mota na kile kipande cha pembetatu, na usinunue zaidi.

Kwa upande wa mota, ya umeme haipotezi nguvu kwa sababu ya mwinuko kama injini ya mafuta inavyopoteza, ingawa pangaboi lake nalo hupata hewa haba ya kusukuma, kwa hiyo chagua lenye kipenyo kikubwa kidogo.

Nyaya zisibanwe bei. Ndege yetu ya kilo 1.15, ikizunguka kwa nyaya za mita 18 na kumaliza mzunguko kwa sekunde 5.3, humvuta rubani kwa nguvu ya takriban kilo 3, na upepo kama wa Makambako huongeza. Nunua waya wa chuma uliosokotwa, si mshipi wa nailoni ambao hunyumbuka. Kabla ya kila siku ya kuruka, funga mpini juu, ning'iniza kwenye ncha za nyaya dumu la lita 20 lililojazwa maji kupita nusu kidogo, na ukague kila fundo. Na uwanja unaouchagua uwe mbali kabisa na nyaya za umeme, kwa sababu chuma ulichoshika mkononi kikizigusa hakuna kuokoka.