Glavu za baiskeli na ganzi ya vidole: uzoefu wangu wa mwaka na nusu

Mi ni fundi cherehani, nashonea Tegeta, Dar, na kilichonifanya nianze kutafuta glavu za baiskeli ni mkasi. Jumatatu moja mwaka jana nilikuwa nakata kitambaa cha sendoff cha mteja, kitambaa cha bei, mkasi ukanichoropoka. Nikauokota nikaendelea, ukachoropoka tena. Kidole cha mwisho na kile cha pete vya mkono wa kulia vilikuwa na ganzi tangu jana yake jioni niliporudi Bagamoyo na baiskeli, nikadhani uchovu tu, nikilala itaisha. Haikuisha. Kwa mtu anayekula kwa mikono yake hicho kitu kinatisha jamani, nilikaa chini nikaanza kufikiria ada za watoto.

Kwa asiyenijua, mi naendesha kila siku Bunju hadi Tegeta, kama kilomita 10 kwenda na 10 kurudi, foleni ya asubuhi imenichosha muda mrefu. Na Jumapili mbili kwa mwezi tunatoka kina dada watano sita tunaenda Bagamoyo, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo mpaka mjini, tunakunywa madafu tunageuza, kwenda na kurudi inapita kilomita 70. Baiskeli yangu ni used ya Japani, usukani umenyooka, gia 21, nzuri kwa kweli sina neno nayo.

Glavu zangu za kwanza nilinunua Kariakoo kwa 12,000. Nilizichagua kwa sababu zilikuwa nene, ukiminya kiganja unasikia jeli kama mto, nikasema hizi ndo zenyewe. Muuzaji akaniambia ni saizi moja inamfaa kila mtu. Wiki mbili nikaona ganzi inakuja mapema zaidi kuliko nilipokuwa naendesha mikono mitupu, zamani ilianza tunakaribia Zinga sasa naisikia Mapinga tu, na jasho likinitoka zinachuja rangi nyeusi mikono yote. Nilikasirika, nikafanya kile fundi yeyote angefanya, nikachukua wembe nikaifumua moja nione ndani kuna nini.

Ndani kulikuwa na pande moja tu la jeli, limekatwa mviringo, limejaza kiganja chote kuanzia kwenye kifundo mpaka mizizi ya vidole. Sasa fikiria, ukishika usukani kiganja kinajikunja, hilo pande nalo linajikunja, na kwa kuwa glavu yenyewe ilikuwa kubwa kwangu kitambaa cha juu kinafanya makunyanzi, kama kola iliyowekewa bitana kubwa kuliko kitambaa. Yale makunyanzi yanakaa wapi? Palepale panapouma. Halafu mshono mkubwa wa kuunganisha upande wa kidole kidogo walikuwa wameupitisha juu ya ule mfupa wa chini ya kiganja, yaani uzito wako wote unakaa juu ya mshono. Na unene wenyewe unafanya usukani uwe mnene mkononi, unajikuta unabana kwa nguvu bila kujua, mpaka mikono juu huku inachoka.

Nikaenda hospitali, wakanipeleka kwa kaka mmoja wa fiziotherapi. Swali lake la kwanza, "Dada, unaendesha baiskeli?" Kabla sijasema neno! Akanipa karatasi nishike kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, akaivuta, mkono wa kushoto nikaishikilia vizuri, wa kulia ikatoka na nikajiona nakunja gumba kuisaidia. Akaniambia nipanue vidole dhidi ya mkono wake, kulia nilikuwa dhaifu. Akanieleza kuna neva, yaani mshipa wa fahamu, inaitwa ulna, ndo ile ukijigonga kiwiko unasikia shoti mpaka kidoleni, ikifika kwenye kiganja inapita upande wa kidole kidogo kwenye kijia chembamba kinachoitwa mfereji wa Guyon, jina la daktari wa Ufaransa aliyekielezea mwaka 1861. Hiyo neva ndo inayohudumia kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete, na pia misuli midogo ya mkono inayotuwezesha kubana na kupanua vidole. Pale kwenye mfereji haina nyama nyingi ya kuilinda, ukiiegemea saa tatu nne na barabara inatikisa, inaminywa. Ndo maana mkasi ulikuwa unaanguka.

Akanipumzisha baiskeli wiki tatu, na akasema kitu nilichokiweka moyoni, kwamba glavu ije baadae, kwanza nijue kwanini uzito wangu unaenda mikononi. Kwa hiyo hii nayoandika ni habari ya glavu ila siwezi kuisema bila hii sehemu, maana nikisema glavu ndo imeniponya nitakuwa nadanganya watu.

Nilipeleka baiskeli kwa kijana mmoja fundi, ananiita mama, mtulivu sana na anaipenda kazi yake. Akanipandisha, akanishikilia ukutani, akaniangalia kwa ubavu. "Mama, siti yako imeinama." Ni kweli, niliiinamisha mwenyewe pua ikaangalia chini kwa sababu ilikuwa inanibana, kumbe siti ikiinama unateleza mbele taratibu na mikono ndo inafanya kazi ya kukusukuma urudi nyuma, safari nzima. Akaiweka sawa kwa kipima usawa cha simu, akaisogeza mbele kidogo, akapandisha shingo ya usukani kama sentimita 3. Halafu akaminya tairi akatikisa kichwa. Nilikuwa najaza upepo mpaka tairi inakuwa jiwe, karibu 80 kwa kipimo cha PSI cha pampu, nikiamini ndo baiskeli inakuwa nyepesi, tairi langu ni pana na mi sina uzito mkubwa, akashusha hadi 50, ubavuni imeandikwa inaruhusiwa. Tofauti kwenye rasta za barabarani niliisikia siku hiyohiyo, zamani zile rasta zilikuwa zinanipiga mpaka mabegani. Mwisho akaniwekea pembe mbili ncha za usukani, 18,000 na kufunga, kwa sababu usukani wa kunyooka una sehemu moja tu ya kushika, sasa nabadilisha, dakika chache hapa dakika chache kule, kwenye pembe kiganja kinageuka kama unampa mtu mkono na ile sehemu ya neva inapumua.

Haya sasa glavu. Hizi za pili nilizipata duka la vifaa vya baiskeli mjini, 48,000, nusu vidole. Safari hii nilienda na futi kamba. Nilijipima kuzunguka kiganja kwenye magoti ya vidole bila gumba, sentimita 18, na kwenye jedwali lao hiyo ni S, wakati kwa macho muuzaji alikuwa ananipa M. Nikavaa nikakunja ngumi, nikaomba nishike usukani wa baiskeli iliyokuwa pale dukani, nikaangalia kama kitambaa kinafanya kunyanzi kiganjani. Hakikufanya. Kati ya vidole inagusa vizuri bila kukata. Naomba msione aibu kufanya hivi dukani, viatu unajaribu, glavu nayo ijaribu, na uijaribu ukiwa umeshika kitu, mkono uliofunguka na mkono ulioshika ni saizi mbili tofauti.

Kazi ya ushonaji nimeipenda. Kiganja ni kitambaa kama suedi, si ngozi halisi, kimekatwa vipande vitatu na mishono imekaa pembeni, hakuna mshono unaopita juu ya mfupa wa chini. Badala ya pande moja la jeli kuna vipande viwili chini ya kiganja na katikati yake wameacha uwazi, kama bonde, ule uwazi unakaa sawa na njia ya neva, na kuna vijipande vingine vidogo kwenye mizizi ya vidole. Unene nilipima kama milimita 3 tu. Nilisita kidogo pale dukani kwa sababu nilizoea kuamini nene ndo nzuri, lakini ukiufikiria ule uwazi unaelewa, mto unabeba uzito pembeni ili katikati pasiguswe. Mgongoni ni neti laini inapitisha hewa, gumbani wameweka kitambaa cha taulo cha kufutia jasho usoni, kwa joto letu la Dar hicho kipande nakitumia kuliko nilivyotegemea. Na kuna vishikio vidogo kwenye vidole viwili vya kuvutia ukitaka kuvua, la sivyo mkono ukilowa glavu inagoma kutoka unaishia kuigeuza ndani nje na kuchana mishono.

Matokeo. Mwezi wa kwanza baada ya kurudi barabarani nilikuwa naenda kazini tu, hakuna ganzi. Bagamoyo ya kwanza nilisikia vijisindano tunaingia Kiromo, nikahamisha mikono kwenye pembe vikaisha. Kuanzia hapo safari nyingi namaliza salama, zile siku za upepo wa baharini unakupiga usoni nikijisahau nikanyoosha viwiko vikakaza, inarudi kidogo, nikilegeza viwiko inaondoka. Nguvu ya kubana ilichukua kama miezi miwili kurudi yote, nilikuwa najipima na karatasi kila Jumapili jioni.

Kuna faida nyingine ambayo sikuinunulia ila sasa hivi hata mkono usingekuwa na tatizo lolote nisingetoka bila glavu. Mapinga, mchanga umemwagika pembeni ya lami, bodaboda akanibana nikashuka kwenye mchanga gurudumu la mbele likakata, nikaenda chini mikono mbele kama kila mtu anavyoangukaga. Suedi ikachubuka upande mmoja, ngozi yangu haikuguswa. Mwenzetu mmoja alianguka kabla yangu bila glavu, kokoto zikaingia kiganjani, wiki mbili hakuweza kusonga ugali wala kufua, akavumilia maumivu ambayo kipande cha suedi kingeyazuia.

Mapungufu yapo na niyaseme. Ile velkro ya kifundoni upande mgumu unang'ang'ania kila kitu, mtandio wangu umevutwa nyuzi mara mbili, sasa nafunga velkro kwanza ndo navaa mtandio. Mshono wa kamba ya velkro ulianza kuachia mwezi wa nane tangu nizinunue, uzi waliotumia ni mwembamba, nikaurudia mwenyewe kwa uzi wa nailoni wa mabegi na haujaachia tena, asiyejua kushona ampelekee fundi viatu ni kazi ya dakika 5. Na jeli baada ya mwaka inaanza kulala, ukiiminya hairudi haraka kama mwanzo.

Kufua muhimu sana, jasho likikauka ndani linakuwa chumvi na chumvi inakwangua ngozi na kula uzi. Mi nazivaa nikazifua zikiwa mkononi kama nanawa, maji ya baridi na sabuni ya kawaida, nasuuza mpaka maji yatoke meupe, nazikamua kwa kuzifunga kwenye taulo bila kuzisokota, nafunga velkro, naanika kivulini. Juani suedi inakakamaa kama ngozi ya ng'ombe. Dawa za kung'arisha nguo usiweke kabisa, zinaua laikra, ule uzi unaovutika.

Nimeona pia wale kaka zetu wanaoteremsha mkaa kwa baiskeli huku barabara ya Bagamoyo, wengi wamezungushia mpira wa ndani wa tairi kwenye mishikio ya usukani, tabaka juu ya tabaka. Nikamuuliza mmoja akaniambia bila ule mpira mikono inalala kabla hajafika Bunju. Kwa hiyo kama 48,000 haipo sasa hivi, anza na hicho, na siti iwe sawa na upepo usizidi, hivyo vitatu havina gharama ya maana.

Ila angalieni ni vidole vipi. Yangu ilikuwa cha mwisho na cha pete. Dada mmoja kwenye kundi letu ganzi yake ni gumba, cha shahada na cha kati, hiyo ni neva nyingine inayopita katikati ya kifundo, na kwake tatizo lilikuwa kifundo kimekunjwa juu muda wote kwa sababu vishikio vya breki vilifungwa vimeangalia mbele sana, vilipoteremshwa mkono ukanyooka na akapata nafuu, glavu kama zangu hazikumsaidia chochote. Na ganzi ikilala na wewe mpaka kesho yake, au vitu vikianza kukudondoka, nenda hospitali hiyo wiki, usingoje mwezi uishe kama nilivyokuwa nataka kufanya.

Wiki iliyopita nimenunua jozi ya pili ya glavu hizohizo, imepanda imefika 52,000, saizi ileile S, na kabla sijatoka nayo dukani niliifunua nikaangalia ule uwazi wa katikati kama bado wameuacha. Wameuacha. Kamba ya velkro nimeishonea uzi wa nailoni kabisa siku ileile. Zile za zamani nazivaa za Bunju na Tegeta, mpya ni za Bagamoyo.