Ngozi ya Mafuta Yenye Chunusi: Nini Kinunuliwe Kwanza na Mkazi wa Nyanda za Juu Kusini

Mkazi wa Mbeya, Iringa au Njombe mwenye ngozi ya uso yenye mafuta ana tatizo ambalo ushauri mwingi uliotolewa kwa ajili ya joto la Pwani hauligusi. Kuanzia Mei hadi Agosti baridi na upepo mkavu hukausha tabaka la juu la ngozi hadi mashavu yakapauka, ilhali paji la uso na pua huendelea kung'aa, kwa kuwa tezi za mafuta huendeshwa na homoni zaidi kuliko hali ya hewa. Ndiyo maana mtu hununua vitu viwili vinavyopingana: sabuni kali ya kuondoa mafuta, kisha mafuta ya mgando ya kuondoa mpauko uliosababishwa na sabuni hiyo hiyo. Mwongozo huu unazipanga bidhaa kwa kigezo kimoja tu, yaani kila moja inapunguza chunusi kwa kiasi gani kulingana na fedha inayotumika, kwa uso unaoishi kwenye mwinuko wa mita 1,500 hadi 2,000. Kwa kigezo hicho, makopo mengi yanayopangwa mbele katika maduka ya vipodozi ya Mwanjelwa au Miyomboni yanashuka chini, na tyubu ndogo inayokaa nyuma ya kaunta ya famasi inapanda juu.

Kabla ya kupanga, ni lazima kueleweka chunusi inaanzia wapi, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Seli zilizokufa ndani ya kinyweleo hushindwa kubanduka vizuri na kukiziba. Mafuta yanayotoka kwenye tezi hujaa nyuma ya kizibo hicho. Bakteria aitwaye Cutibacterium acnes huongezeka humo. Kisha mwili hujibu kwa uvimbe, wekundu na usaha. Kati ya kizibo cha kwanza, ambacho jicho haliwezi kukiona, na kipele kinachoonekana kwenye kioo hupita wiki kadhaa. Kwa hiyo dawa hupakwa eneo lote linaloota chunusi na si juu ya kipele kimoja kimoja, na hakuna bidhaa ya kweli inayoweza kupimwa kabla ya wiki 8 hadi 12. Ile rangi nyeusi ya chunusi nyeusi nayo si uchafu. Ni melanini na mafuta yaliyobadilika rangi kwa kukutana na hewa, na kuisugua hakuiondoi.

Nafasi ya kwanza: adapalini ya asilimia 0.1

Hii ni jeli au krimu ya kundi la retinoidi, yaani dawa za jamii ya vitamini A, na ndiyo inayoshughulikia chanzo chenyewe, kwa kuwa hurekebisha namna seli zinavyobanduka ndani ya kinyweleo na pia hutuliza uvimbe. Marekani iliruhusu iuzwe bila cheti cha daktari tangu mwaka 2016, jambo linaloonyesha kiwango cha imani ya wataalamu kuhusu usalama wake. Hata hivyo mnunuzi wa hapa nchini aende famasi yenye mfamasia na awe tayari kuulizwa cheti. Duka la dawa muhimu, mfumo ambao ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 kwa ajili ya kufikisha dawa za msingi karibu na wananchi, si mahali pa kuitafuta.

Kiasi kinachohitajika kwa uso mzima ni kama punje moja ya njegere, usiku, juu ya ngozi iliyokauka kabisa baada ya kunawa. Kwa kipimo hicho tyubu ya gramu 30 hufika miezi miwili hadi mitatu, na hapo ndipo inapoonekana kwamba bei yake, inayowatisha wengi kwenye kaunta, ni nafuu kuliko makopo matatu ya vipodozi yanayoisha katika kipindi hicho hicho bila kuleta tofauti. Tatizo lake ni moja: katika wiki 2 hadi 4 za mwanzo hukausha, huwasha na kubandua ngozi, na kwa baadhi ya watu chunusi huonekana kuzidi kabla ya kupungua. Mtu anayeanza mwezi Juni, baridi ikiwa imekolea Uyole au Makambako, ataumia kuliko anayeanza Februari. Kama hakuna namna ya kusubiri, aanze na usiku mmoja kila baada ya siku mbili, na atangulize losheni nyepesi kabla ya dawa. Asiyeipata anaweza kuandikiwa tretinoini ya asilimia 0.025, ambayo ni ya kundi hilo hilo lakini huwasha zaidi na huharibiwa na mwanga. Mjamzito, au mwanamke anayetarajia kushika mimba, asitumie mojawapo kati ya hizo mbili.

Nafasi ya pili: benzoili peroksaidi

Dawa hii huua bakteria wa chunusi, na tofauti na antibayotiki, bakteria hao hawaizoei. Ushauri mkubwa kwa mnunuzi unahusu namba iliyoandikwa kwenye tyubu: ya asilimia 2.5 hufanya kazi ya kupunguza vipele vyenye uvimbe sawasawa na ya asilimia 10, ila ya 10 huunguza na kukausha zaidi. Muuzaji anayesifu asilimia kubwa anasifu maumivu. Ichukuliwe ya 2.5, au ya 5 ikiwa hiyo ndiyo pekee iliyopo.

Mwenye vipele vingi vyekundu na vya usaha lakini chunusi nyeusi chache anaweza kuipandisha hadi nafasi ya kwanza. Wengine wote waitumie asubuhi, adapalini ikibaki ya usiku, kwa kuwa mbili hizi zikishirikiana hufanya vizuri kuliko moja peke yake. Ijulikane pia kwamba hufifisha rangi ya nguo: taulo, foronya na kola ya kitenge kipya vitapata mabaka yasiyotoka. Foronya nyeupe ndiyo suluhisho, na si gharama kubwa.

Nafasi ya tatu: sabuni laini ya uso, na hapa fedha zisimwagwe

Sabuni inakaa usoni chini ya dakika moja, kisha inakwenda na maji. Hakuna sababu ya kuilipia zaidi ya dawa, hata ikiwa imejaa majina ya matunda na vitamini. Kinachotakiwa ni ya maji au ya kipande isiyo na manukato makali, isiyoacha ngozi ikivuta baada ya kunawa. Sabuni ya kawaida ina pH (kipimo cha uasidi, ambacho kikishuka chini ya 7 ni asidi) ya 9 hadi 10, wakati uso wa ngozi uko karibu na 5. Sabuni ya mche, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya kufulia, huvunja kinga ya ngozi na kuifanya isivumilie dawa yoyote itakayofuata. Kunawa mara mbili kwa siku kunatosha. Kuhusu maji, wakazi wa huku tunayachemsha kwa sababu zinazoeleweka, lakini ya usoni yawe vuguvugu tu.

Nafasi ya nne: losheni nyepesi na kinga ya jua

Ngozi ya mafuta nayo huhitaji losheni, hasa inapotumia dawa mbili zilizotajwa juu, na katika kipupwe hitaji hilo si la hiari. Itafutwe yenye maji mengi na glisirini, ya aina ya jeli, iliyoandikwa kwamba haizibi vinyweleo. Mafuta ya nazi na siagi ya kakao hayafai kwa uso wenye chunusi, maana huziba. Mafuta ya mgando yana sifa mbaya kuliko yanavyostahili, kwa kuwa yenyewe hayaingii sana ndani ya vinyweleo, lakini ni mazito mno kwa paji la uso linalong'aa tayari. Yabaki kwa midomo, mikono na visigino. Parachichi la Rungwe au Njombe liliwe. Hakuna sababu ya kulipaka usoni.

Kuhusu jua, baridi hudanganya. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, hivyo anayetembea saa sita mchana katikati ya jiji la Mbeya akiwa na sweta anapokea mionzi mingi kuliko anayetokwa na jasho Kyela. Mionzi hiyo haileti chunusi, bali hukoleza madoa meusi ambayo chunusi huyaacha, na kwa ngozi nyeusi madoa ndiyo yanayodumu na kusumbua kuliko kipele chenyewe. Losheni ya kukinga jua ya kiwango cha SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya mionzi ya UVB, yaani sehemu ya urujuanimno inayounguza ngozi, na ya 50 huzuia karibu asilimia 98. Anayelipa zaidi kwa tofauti hiyo anaweza kuokoa fedha yake. Kinachowaangusha wengi ni kiasi: uso na shingo vinahitaji mistari miwili ya losheni kwenye urefu wa vidole viwili, na kwa kipimo hicho chupa ya mililita 50 haifiki miezi miwili. Nimeiweka nafasi ya nne kwa sababu hiyo ya gharama tu. Mwenye bajeti ndogo anunue dawa kwanza na avae kofia yenye ukingo mpana mpaka atakapoweza kununua vyote viwili.

Zinazofuata kwa mbali

Asidi ya salisili ya asilimia 2 huyeyuka kwenye mafuta na hivyo hupenya ndani ya kinyweleo. Inamfaa mwenye chunusi nyeusi chache asiyehitaji zaidi, lakini ni dhaifu kuliko adapalini, na kuzitumia zote pamoja wakati wa baridi ni kujitafutia vidonda. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20 ni jambo jingine: hupunguza chunusi na madoa kwa pamoja, na inatumika kwa wajawazito. Mjamzito aiweke nafasi ya kwanza, akishauriana na mtoa huduma wa kliniki yake. Niasinamidi hutuliza wekundu kidogo, haidhuru, na inaweza kusubiri.

Zisizonunuliwa kwa bei yoyote

Bidhaa inayoongoza kwa madhara ni krimu ya mchanganyiko wa dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi, ambayo huuzwa kwa bei ndogo na hupendekezwa kwa kila kipele. Inapendwa kwa sababu inafanya kazi haraka: steroidi huzima uvimbe, na ndani ya siku chache uso unakuwa laini na mweupe kidogo. Baada ya wiki kadhaa ngozi inakuwa nyembamba, chunusi za aina mpya zinatokea, na kila mtumiaji anapojaribu kuacha uso unalipuka, hivyo anarudi kununua. Asomaye maandishi madogo atafute betamethasoni au klobetasoli; akiliona mojawapo la majina hayo, airudishe. Aliyekwisha kuitumia kwa miezi amwone daktari kabla ya kuacha, maana kuacha kwenyewe kunahitaji mpango.

Mkorogo uko katika fungu hilo hilo, na mara nyingi una steroidi hizo hizo pamoja na haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, au zebaki. Zebaki huumiza figo na neva, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka msingi wa kuiondoa kabisa kwenye vipodozi. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, wakati dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kopo lisilo na orodha ya viambato, lililopunguzwa kutoka ndoo kubwa, au lenye lebo isiyoonyesha mtengenezaji lisiguswe, hata kama muuzaji ni jirani.

Antibayotiki ya kupaka kama klindamaisini isitumiwe peke yake, kwani bakteria huizoea. Iambatane na benzoili peroksaidi. Skrabu zenye chembe ngumu hupasua vipele na kueneza uvimbe. Limao huunguza ngozi, hasa likikutana na jua. Dawa ya meno ni ya meno.

Kabla ya kufungua pochi

Baadhi ya chunusi hazihitaji kununuliwa chochote. Zinazojipanga kando ya nywele na juu ya paji la uso mara nyingi hutokana na mafuta ya nywele, hasa kwa waliosuka, na hupungua mafuta hayo yakiacha kushuka usoni. Za kidevuni na mashavuni kwa dereva wa bodaboda hufuata mkanda wa helmeti unaobana na kusugua. Vipele vya ndevu vinavyotokea baada ya kunyoa si chunusi bali ni nywele zinazojikunja na kurudi ndani ya ngozi, na dawa yake huanza kwa kubadilisha namna ya kunyoa. Vipele vidogo vinavyofanana vyote na kuwasha sana vinaweza kuwa vya fangasi, ambavyo benzoili peroksaidi haitavitibu.

Kwa upande mwingine, vinundu vikubwa vyenye maumivu chini ya ngozi, au chunusi zinazoacha makovu yenye mashimo, zimevuka uwezo wa mwongozo wowote wa ununuzi. Mtu huyo aende hospitali ya rufaa mapema, kwa sababu kovu haliondoki kwa krimu; kuna dawa ya kumeza, isotretinoini, ambayo hutolewa kwa uangalizi wa daktari na kamwe haitolewi kwa mjamzito, kwani inaweza kuharibu vibaya ukuaji wa mtoto tumboni.

Kwa anayebaki na dawa za kupaka, tyubu ya pili inunuliwe ya kwanza ikiwa na wiki mbili za matumizi zilizosalia. Famasi ya mji mdogo inaweza kulazimika kuiagiza, na vizibo vipya huanza kujijenga mara dawa inapokatika.